Fanya juu, fanya chini: Kazi za Jumamosi na majina yake

Mwulize mwanafunzi wa sekondari Jumatatu asubuhi alivyoshinda wikendi nyumbani. Jibu huwa karibu lile lile: "Nilikuwa nyumbani tu, nikafanya kazi za shamba." Mdadisi kidogo na utagundua kwamba alifyeka nyasi kando ya njia, akazibua mtaro uliojaa mchanga, akapogoa miembe miwili, akamsaidia nyanya yake kupura ndengu, kisha jioni akaanua nguo alizokuwa amezianika asubuhi. Hizo ni kazi tano, kila moja ina kifaa chake, wakati wake na ujuzi wake. Zote zimemezwa na kitenzi kimoja: fanya.

Makala haya yanachunguza majina ya kazi hizi za mwisho wa wiki, hasa jinsi yanavyotumika katika eneo la Kibwezi, kaunti ya Makueni, na upande wa pili wa barabara ya Mutomo kuelekea Kitui. Hoja ni kwamba jina la kazi hubeba maarifa ya namna ya kuifanya. Jina likipotea, maarifa nayo huanza kuchechemea, na anayelipa gharama ni mwenye shamba.

Tuanze na siku yenyewe. Neno "wikendi" limeshakita mizizi nchini Kenya, na sina ugomvi nalo. Wapo wanaopendelea "mwishoni mwa wiki" au "mwisho wa juma". Lakini tukitazama jina la Jumamosi tunakuta jambo la kufikirisha. "Mosi" ni moja. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, na kuendelea. Kwa hesabu ya Kiswahili, basi, siku tunayoiita mwisho wa wiki ndiyo mwanzo wake. Mkamba naye akiitaja siku hiyo hiyo huiita *wa thanthatũ*, yaani siku ya sita, kwa kuwa yeye huanza kuhesabu Jumatatu. Mtu wa Kibwezi anayezungumza lugha zote mbili hubeba kalenda mbili kinywani: siku moja ambayo ni ya kwanza na pia ni ya sita.

Kwa vyovyote vile, hiyo ndiyo siku ya kazi ya nyumbani. Watoto hawako shuleni. Waliotoka Nairobi au Mombasa Ijumaa jioni kwa basi hushuka Kibwezi, maana mji umekaa papo hapo kwenye barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili. Asubuhi inayofuata huvaa gambuti na kwenda kuona kilichotendeka shambani tangu walipoondoka. Wengi wao ni wale tunaowaita kwa utani "wakulima wa simu": shamba liko Makueni, mwenyewe yuko mjini, na kati yao kuna simu na kibarua.

Hapa ndipo suala la msamiati linapoacha kuwa la darasani. Sikiliza mazungumzo ya aina hii, ambayo si mageni kwa yeyote aliyewahi kulima kwa simu:

"Kaka, hiyo shamba umelima?"

"Nimelima yote, Mama. Imebaki tu pesa yangu."

"Yote kabisa?"

"Yote. Ukikuja utaona."

Mama anafika Jumamosi anakuta magugu yamekwanguliwa juu juu, udongo chini ungali mgumu kama sakafu. Yeye alitaka ardhi igeuzwe kwa kina tayari kwa kupanda. Kibarua alielewa aondoe nyasi. Nani kamdanganya mwenzake? Hakuna. Kitenzi "kulima" ndicho kilichowaponza wote wawili, kwa sababu katika Kiswahili cha mazungumzo nchini Kenya kimebebeshwa kazi zote za jembe.

Kiswahili kina njia ya kuzitenganisha. Kufyeka ni kukata nyasi na vichaka vilivyo juu ya ardhi, na kifaa chake ni panga au fyekeo, mizizi hubaki. Kutifua ni kuuvunja udongo ulioshikana hadi uwe laini, ule tunaouita udongo tifutifu. Kulima kwa maana yake ya msingi ni kuichimba na kuigeuza ardhi kwa jembe au plau. Kupalilia ni kuondoa magugu yanayoshindana na mimea ambayo tayari imeota. Kila kazi kati ya hizi ina ugumu wake na huchukua muda wake, na kwa hivyo hata malipo hayawezi kuwa sawa. Anayesema "nipalilie zile kunde" amemwambia kibarua mambo mawili kwa neno moja: ondoa magugu, na uangalie usiziguse kunde. Anayesema "nilimie pale kwa kunde" amejitafutia balaa.

Vivyo hivyo kwa miti. Makueni inafahamika kwa maembe, na kazi mojawapo baada ya mavuno ni kuipunguza miembe matawi ili mwanga na hewa vipenye ndani. Kazi hiyo inaitwa kupogoa. Siku hizi wengi husema "kukata miti". Mwenye shamba anayempigia kijana simu na kumwagiza "akate ule mwembe wa nyuma ya nyumba" ana bahati kama kijana atauliza: tawi au shina?

Sasa tuje kwenye istilahi ambayo Ukambani umeupa ulimwengu, na ambayo imeundwa kwa kitenzi kile kile tulichokishtaki mwanzoni: fanya juu.

Kwa asiyeifahamu, hii ni aina ya tuta la kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mkulima huchimba mtaro unaokatiza mteremko, kwa kawaida wenye upana na kina cha takribani sentimita 60. Udongo anaouchimba huurusha upande wa juu wa mteremko, na hapo hujilimbikiza kuwa tuta. Kati ya tuta na mtaro huachwa ukanda mwembamba wa ardhi ili udongo usiporomoke na kurudi ndani. Juu ya tuta hupandwa nyasi, kwa mfano nepia au makarikari, ili mizizi ilishikilie, nazo ng'ombe na mbuzi wapate lishe.

Mvua ikinyesha, maji huteremka yakiwa yamebeba udongo. Yakifika kwenye tuta hupunguza kasi na kuutua mzigo huo. Msimu baada ya msimu, udongo hujaa nyuma ya tuta, na eneo lililo kati ya tuta moja na jingine hupungua mteremko hadi shamba likawa kama ngazi. Mkulima hakuzichimba ngazi hizo mwenyewe. Yeye aliweka kizuizi, kisha maji yakamfanyia kazi iliyobaki. Ndiyo sababu tuta halina budi kuinuliwa kila mwaka: udongo ulioingia mtaroni huzolewa na kurushwa juu tena. Hii ni kazi ya Jumamosi hasa, na hufanywa kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwa Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi kuliko za Machi hadi Mei.

Fanya chini ni kinyume chake. Mtaro ni ule ule, ila udongo hurushwa upande wa chini. Ni kazi nyepesi zaidi, maana kurusha udongo kuelekea bondeni si sawa na kuupandisha mlimani. Lakini maji hukutana na mtaro kabla ya kufikia tuta, kwa hiyo udongo huishia shimoni, na shamba halijengeki kuwa ngazi kwa haraka ile. Hii haimaanishi kwamba fanya chini ni kosa. Mtaro wa kukinga maji unaochimbwa kwenye kichwa cha shamba, ule wa kuyapokea maji ya jirani au ya barabarani na kuyaelekeza kando, udongo wake hutupwa chini ili tuta liwe ukuta wa mwisho.

Kwa hivyo tofauti ya maneno haya mawili madogo, juu na chini, ni tofauti ya shamba litakavyokuwa miaka kumi baadaye. Anayeyachanganya hatagundua siku hiyo. Atagundua mvua kubwa ya kwanza itakapopita.

Kisarufi, istilahi hii inavutia. Kwanza, "fanya" hapa haina maana yake ya kawaida. Mpenda usanifu angetarajia "tupa juu" au "rusha juu". Kirai hiki kina harufu ya Kiswahili cha bara, kile cha kuelekezana kazini, ambapo kitenzi chepesi hubebeshwa mzigo na kielezi humalizia maana. Pili, "juu" haimaanishi angani. Kwa mtu wa mteremkoni, juu ni kule maji yanakotoka na chini ni kule yanakoelekea. Tatu, kirai kitenzi kimegeuka kuwa nomino. Huu ni mtindo ambao Kiswahili kinaujua: sukuma wiki ilikuwa maelezo ya namna ya kuivusha familia hadi mwisho wa wiki kabla haijawa jina la mboga, chemsha bongo ni jina la fumbo, na tumbukiza, mbinu ya kupanda nepia ndani ya mashimo yaliyojazwa udongo na samadi, ni kitenzi kitupu kilichosimama kama jina bila kuongezwa hata kiambishi.

Je, fanya juu iko katika ngeli gani? Waulize wakulima, au wasikilize tu. Husema "hii fanya juu imebomoka" na "fanya juu mbili zimejaa mchanga". Wameiweka katika ngeli ya I-ZI, ngeli ambayo hupokea majina yasiyo na kiambishi cha wazi, kama ilivyoipokea sukuma. Katika maandishi rasmi utakuta "matuta ya fanya juu", na hapo upatanisho unafuata neno "matuta". Matumizi yote mawili yana mashiko. Na angalia kitenzi kinachoandamana nayo: mkulima *huchimba* fanya juu. Kusema "tulifanya fanya juu" hukwaruza sikio, jambo linaloonyesha kwamba "fanya" iliyomo ndani ya jina hilo imekwisha kuganda na haisikiki tena kama kitenzi.

Baadhi ya walimu wangependa kuisahihisha istilahi hii kwa kuwa haikuzaliwa kwenye kamusi. Mimi naona tuiache. Imekwisha kuvuka mipaka. Maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza kuhusu hifadhi ya udongo huitumia jinsi ilivyo, na utaikuta katika taarifa za utafiti wa mashamba ya Uganda, Tanzania na hata Ethiopia, ambako Kiswahili si lugha ya mkulima. Si mara nyingi Kiswahili cha bara kinaupa ulimwengu neno la kisayansi. Likitokea, tulitunze.

Umbo lake la amri nalo lina historia ya kukumbukwa. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ilitajwa kama mfano wa ardhi iliyoharibiwa na mmomonyoko. Serikali ya kikoloni iliamua dawa ni amri. Mwaka 1938 iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao, na maelfu yao wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye jina lake sasa limeandikwa kwenye mtaa mmoja wa jiji hilo. Uchimbaji wa matuta nao ulikuwa wa kulazimishwa, na kazi ya kulazimishwa haipendwi hata ikiwa na faida.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, pale kazi hiyo ilipopitishwa katika utaratibu ambao watu walikuwa nao tangu jadi: mwethya. Baada ya uhuru vikundi hivyo, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, viliendelea, na kuanzia miaka ya 1970 mpango wa kitaifa wa hifadhi ya udongo uliofadhiliwa na Sweden ukaongeza nguvu. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wilayani ilikuwa imeongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1930, na bado ardhi ilikuwa inatunzwa vizuri zaidi kuliko zamani. Amri ilikuwa imegeuka kuwa jina, na jina likawa mali ya wachimbaji.

Tusilipite neno mwethya kwa haraka. Ni utaratibu ambapo majirani hukusanyika kwenye shamba la mmoja wao, wakamaliza kazi kwa siku moja na kulishwa na mwenyeji, kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Kiswahili kinayo maneno ya karibu. Ujima ni kusaidiana kazi. Msaragambo, lililotoka upande wa Upare nchini Tanzania, ni kazi ya pamoja ya kujitolea. Harambee tunaijua sote, ingawa siku hizi ukiitaja watu hushika mifuko kuliko majembe. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya haya linalobeba ile zamu ya mwethya, lile deni la jasho linalolipwa kwa jasho. Ndiyo maana Mkamba akizungumza Kiswahili husema tu, "Jumamosi tuko na mwethya kwetu," na mwenzake akaelewa kwamba akikosa kufika, zamu yake itakuwa baridi.

Zipo kazi ambazo haziwezekani bila wenzako. Ili mtaro wa fanya juu usikusanye maji upande mmoja na kupasuka, ni lazima ufuate kontua, yaani mstari unaopita mahali penye kimo kimoja. Wakulima huupata kwa kamba iliyofungwa kwenye fito mbili zenye urefu sawa, na katikati ya kamba huning'inizwa pimamaji. Wawili hushika fito, wa tatu husoma kiputo cha hewa kilichomo ndani ya pimamaji na kuwaelekeza: "Panda kidogo! Shuka! Hapo hapo!" Hapo hupigwa kigingi. Pimamaji nalo ni jina lililoundwa kwa kitenzi na nomino, na mafundi wa ujenzi hulitumia kila siku. Ni neno lililoundwa vyema hivi kwamba anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kukisia kazi ya kifaa.

Tukitoka mteremkoni tuingie uani. Hapa kuna kanuni moja ya sarufi inayofaa kuliko orodha ndefu ya maneno: kauli ya kutendua. Kazi nyingi za nyumbani huja mbili mbili, moja ya kutenda na nyingine ya kukiondoa kilichotendwa. Nguo *huanikwa* asubuhi na *kuanuliwa* jioni. Nyumba *huezekwa*, na bati likishika kutu *huezuliwa*. Shimo *hufukiwa*, na mtaro uliojaa *hufukuliwa*. Ufa *huzibwa*, bomba lililoziba *huzibuliwa*. Kitanda *hutandikwa* na *kutanduliwa*. Kiambishi -u- ndicho kinachogeuza mambo. Aliyekishika hahitaji kukariri, kwa sababu akilijua neno moja amepata na pacha wake. Lakini sikiliza mazungumzo yetu: "toa nguo kwa kamba", "toa mabati", "toa mchanga kwa mtaro", "toa shuka". Kitenzi "toa" kimefanya kule kwenye kutendua kile ambacho "fanya" imefanya kwenye kutenda.

Maji yanastahili aya yake, maana Ukambani kila kazi mwishowe ni kazi ya maji. Kitenzi ninachokipenda zaidi ni kukinga. Unapoweka tangi chini ya mchirizi wa paa, ule ambao wengi tunauita gata, *unakinga* maji ya mvua: unayapokea. Unapochimba mtaro kwenye kichwa cha shamba, pia *unakinga* maji: unayazuia yasipite. Neno moja linapokea na kuzuia, na kwa mkulima wa Kibwezi hakuna ukinzani wowote. Maji uliyoyapokea kwenye tangi ni yale ambayo hayakupata nafasi ya kukubebea udongo. Kuisafisha michirizi kabla ya Oktoba na kuinua tuta la fanya juu ni kazi moja yenye sura mbili, na Kiswahili kililiona hilo zamani.

Neno "mfereji" nalo linahitaji tahadhari. Kenya, ukisema "fungua mfereji", watu wengi watakimbilia bomba la maji uani, kile ambacho kamusi pia hukiita bilula. Tanzania, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Kibwezi kuna wakulima wanaomwagilia bamia, karela na pilipili kwa maji ya mito na chemchemi zinazotokana na vilima vya Chyulu, na kwao maana zote mbili zipo shamba moja. Ni busara kusema "mfereji wa bomba" na "mfereji wa kumwagilia" kuliko kuzibua cha ardhini wakati ulichotakiwa kufunga ni cha uani.

Kazi za baada ya mavuno zina msamiati wake. Ndengu zilizokauka huanikwa kwenye turubai na *kupurwa*, yaani kupigwa kwa fimbo hadi maganda yapasuke. Kisha *hupepetwa* ili makapi yapeperuke. Mahindi hayapurwi kwa maana hiyo. *Hupukuchuliwa*, punje zikaachana na gunzi. Na ikiwa familia inataka muthokoi, mahindi hutiwa maji kidogo kwenye kinu na *kukobolewa*, ganda la nje likatoka na punje ikabaki nzima. Hapa tofauti ni ya mlo: aliyetumwa akakoboe mahindi akarudi na unga amekwenda kusaga, na jioni hiyo hakuna muthokoi.

Jina la ndengu lenyewe huleta mkanganyiko mtu akivuka mpaka. Tunachokiita ndengu nchini Kenya, zile punje ndogo za kijani, Mtanzania hukiita choroko, na watu wa Pwani ya Kenya hukijua kama pojo. Tanzania neno "dengu" lipo, lakini ni la jamii nyingine ya mikunde, yenye punje kubwa zaidi. Mfanyabiashara wa Makueni anayeagizwa magunia ya dengu na mteja wa Arusha ana sababu nzuri ya kuomba picha kabla ya kupakia lori.

Kwa nini maneno haya yanakimbia? Chanzo kimoja kiko shuleni. Somo la kilimo hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza hatua za kutunza mmea kwa lugha moja darasani, kisha Jumamosi akazitenda kwa lugha nyingine nyumbani, na kati ya hizo mbili hakuna daraja. Katika somo la Kiswahili naye hukutana na shamba kwenye insha, ambako hutuzwa kwa kutumia methali kuliko kwa kutaja kazi kwa jina lake. Matokeo ni kijana mwenye maarifa mawili yasiyosalimiana: ya mtihani na ya mikono.

Kuna wanaosema kwamba hili halina neno, mradi kazi ifanyike. Wana hoja kiasi. Mtu anaweza kupogoa mwembe vizuri sana bila kulijua neno kupogoa, na nyanya wengi wa Ukambani wamekinga udongo maisha yao yote kwa Kikamba safi. Lakini maarifa ya nyanya yana jina, hata kama ni jina la Kikamba. Kijana aliyepoteza la Kikamba na asipate la Kiswahili amebaki na ishara ya kidole: "ile kitu, unafanya hivi." Ishara ya kidole haipiti kwenye simu.

Nini kifanyike? Walimu wa Kiswahili wanaweza kuibadilisha insha ya wikendi kwa agizo moja dogo: mwanafunzi asitumie "fanya" wala "toa" mahali ambapo kazi ina jina lake. Watunzi wa kamusi nao waende Mbooni, Kilungu, Kibwezi na Mutomo wakaziandike fanya juu, fanya chini na tumbukiza pamoja na maelezo kamili ya kila moja, badala ya kuziachia vitabu vya Kiingereza peke yao. Maafisa wa kilimo tayari wanayatumia maneno haya kila siku. Wayaandike pia kwenye vijitabu vyao vya Kiswahili. Na nyumbani, mzazi asimwambie mtoto "nenda ukafanye kazi kule shambani." Amwambie: kafukue ule mtaro wa pili, udongo uurushe juu, halafu upalilie kunde kabla jua halijawa kali.

Mvua za Oktoba hazingoji mjadala wa ngeli. Ila atakayekuwa ameelewa vyema tofauti ya juu na chini kabla hazijafika ndiye atakayeukuta udongo wake shambani zitakapokwisha.